Waipa za Mzee Muhidini

Jumanne, tarehe 7 Mei 1991, saa saba kasoro dakika kumi mchana, mfugaji aitwaye Sankale alifika mbio ofisi ya kata ya Sindeni, shuka lake likichuruzika maji. Alisema Mzee Muhidini wa Chanika amelala chini kando ya Landrova yake na hainuki. Karani wa kata alimwuliza swali moja tu.

"Umemuua?"

Karani alikuwa na sababu ya kuuliza. Wiki mbili kabla, Landrova hiyo, ikiwa haina waipa, iliwagonga ndama watatu wa Sankale wakati wa mvua. Sankale alisimama mbele ya ofisi hiyo hiyo, watu wakisikia, akasema mzee huyo akipita tena kwenye mvua bila kuona mbele atashushwa kwa rungu. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaamua mambo mawili: Muhidini atoe mitamba mitatu, na asiliendeshe gari hilo kwenye mvua mpaka alifunge waipa. Mitamba ilishatolewa. Waipa zilifungwa asubuhi ya siku aliyokufa.

Saa nane na robo walifika askari wawili kutoka kituo cha Handeni. Mmoja alikuwa Sajenti Hilaria wa upelelezi, mwanamke mfupi wa miaka arobaini, mwenye tabia ya kukaa kimya mpaka mwenzake aone haya na kuanza kuongea. Wa pili alikuwa Koplo Petro, ambaye ukimya ulimchosha upesi.

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango wa dereva. Alikuwa na jeraha moja kisogoni, na kanzu yake ilikuwa na tope mbele tu. Mvua ilikuwa imekatika Sindeni nzima tangu saa sita, kwa hiyo mgongo uliokauka ulimwambia Hilaria kwamba mzee alianguka baada ya mvua kuisha. Nyayo zilikuwa nyingi, kwa sababu nusu ya Sindeni ilikwisha kuja kutazama.

"Kesi imejileta yenyewe, afande," alisema Petro. Alishamfunga Sankale pingu, na rungu lake alilibeba kwapani.

"Basi tuipokee taratibu," alijibu Hilaria.

Alianza na gari. Kioo cha mbele kilikuwa kimerukiwa na tope jekundu kila mahali, isipokuwa nafasi mbili safi zenye umbo la kipande cha tikiti. Chini ya nafasi hizo waipa zote mbili zilikuwa zimelala sawasawa. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na vishikizo viwili vya hendeli, ile ya kuwashia injini kwa mkono, lakini hendeli yenyewe haikuwepo.

Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, akatafuta swichi ya waipa. Hakuiona. Alipapasa chini ya usukani, akapapasa pembeni, akasogea katikati, akapapasa tena. Dakika kumi zilipita ndipo vidole vyake vikagusa kitu kwenye ncha ya mwisho ya kushoto ya dashibodi, chini kabisa, nyuma ya kisanduku cha vifaa. Kilikuwa kitufe kidogo cha shaba, kama cha kengele ya mlango. Alikibonyeza, waipa zikapanda. Alipokiachia, zikasimama pale pale, katikati ya kioo. Ilimchukua majaribio sita kuzilaza kama alivyozikuta.

Alirudi kiti cha dereva, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kile kitufe. Haukufika hata nusu. Akamwambia Petro, ambaye ni mrefu, ajaribu.

"Haufiki," alisema Petro. "Anayeendesha hawezi kukigusa."

"Na mvua ilinyesha tangu saa nne na nusu mpaka saa sita, na kioo kimefutwa."

Petro alilitazama rungu, akalihamishia kwapa la pili. "Labda Sankale alikuwa abiria."

Hilaria aliandika hilo pia. Vifaa vya kupimia alama za vidole vilikuwa Tanga, na kuviomba kulichukua wiki mbili.

*

Saa kumi na mbili jioni Sankale alihojiwa Handeni. Nje, mkewe Naeku alikuwa ameketi chini karibu na geti la kituo, mtoto mgongoni. Alisema hataondoka.

"Ulikuwa wapi mvua ikinyesha?" aliuliza Hilaria.

"Chini ya mgunga, na ng'ombe. Gari ilinipita juu barabarani. Waipa zilikuwa zinacheza."

"Ndani walikuwa wangapi?"

"Vioo vilikuwa na mvuke. Sikuona mtu, niliona zile waipa. Nilicheka, afande."

"Ulicheka nini?"

"Ndama wangu watatu wamekufa ndipo gari ikapata macho. Ningefanya nini?"

"Mvua ilipokatika?"

"Nilisogea na ng'ombe, nikaikuta imesimama mbele. Nikasema nimfuate mzee nimshukuru. Nilimtukana mbele za watu, na yeye ametimiza. Nikamkuta chini."

"Umewahi kupanda gari lile?"

Sankale alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Mimi? Gari lile?"

Hilaria alimwamini, na jambo hilo halikumfurahisha, kwa sababu mkuu wa kituo hakumwamini. Alishaagiza Sankale apelekwe mahabusu ya Korogwe Ijumaa. Kesi ya kuua haina dhamana, na Hilaria aliwajua watu walioingia kule wakiwa na watoto wa mgongoni, wakatoka watoto hao wakiwa shuleni. Alipopita getini kwenda nyumbani, hakuthubutu kumtazama Naeku usoni.

*

Jumatano saa tano asubuhi, baada ya mazishi, alikaa na Muhsin barazani mwa nyumba ya marehemu, Chanika. Muhsin alikuwa mtoto wa mdogo wake Muhidini, kijana wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye kucha zilizokolea grisi. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Pole kwa msiba. Na pole ya kidole."

"Ahsante, afande. Ni jiko la mchina, nyumbani kwa dada yangu Faudhia, Korogwe. Nilikwenda huko jana kwa basi la alfajiri. Habari za baba mkubwa zilinikuta huko jioni."

"Gari alikuwa analipeleka wapi?"

"Korogwe hiyo hiyo. Kuna mnunuzi, anaitwa Athuman. Baba mkubwa alitaka kuchukua pikapu ya Kijapani. Siku hizi ruksa, kila kitu kinaingia bandarini."

"Wewe uliona sawa?"

"Gari la mwenyewe. Akitaka kuuza anauza."

"Uliwahi kuliona likiwa na waipa?"

"Hapana. Nilipoondoka alfajiri halikuwa nazo. Sijui hata alifungaje."

Hilaria aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea, Muhsin akasaini.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Mwinjuma, fundi umeme wa magari, ambaye karakana yake ilikuwa ukuta mmoja, mabati mawili na rundo la betri zilizokufa. Ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwona marehemu akiwa hai, kwa hiyo naye jina lake lilikuwa kwenye daftari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, afande. Nilikuwa nakusubiri." Mwinjuma alijifuta mikono. "Mzee aliondoka hapa saa nne kamili, peke yake. Mimi nikahamia kwenye mashine ya kusaga ya jirani mpaka saa tisa. Kawaulize waliopanga foleni, walinitukana mchana kutwa."

Hilaria aliwauliza baadaye, na kweli walimtukana.

"Kwa nini kitufe kiko upande wa abiria?"

"Waya," alisema Mwinjuma, akaonyesha urefu kwa mikono miwili. "Waya mnene niliokuwa nao ni huu tu. Mota nimeitoa kwenye gari dogo la Kijapani lililopinduka. Upande wa dereva bati limeoza, nikaifunga upande wa abiria, na waya ukaishia hapo. Swichi yake sina. Nikatia kitufe cha kengele, kilitoka kwenye nyumba ya meneja wa mkonge. Nikamwambia mzee, Jumamosi nitamalizia, leo tafuta mtu wa kukubonyezea."

"Akiachia, zinasimama popote."

"Ndiyo. Mota hizi zina waya wa tatu, wa kuzirudisha zilale zenyewe. Huo sikuufunga, unataka swichi yake. Kwa hiyo mbonyezaji lazima azivizie. Zikishuka chini kabisa, hapo ndipo aachie. Akikosea, zinasimama mbele ya macho ya dereva."

"Kuna lingine?"

Mwinjuma alisita. Ufundi wa kuunga unga humtia haya mwenyewe mbele ya serikali. "Kinapata moto. Kengele inakula umeme kidogo, mota inakula mwingi. Ukishika dakika tano, kidole kinaanza kuungua. Nilimwambia mzee mbonyezaji ashike na kitambaa. Sijui kama alimwambia."

Hilaria aliacha kuandika. "Nani mwingine ulimwonyesha hayo?"

"Mzee peke yake. Alibonyeza mwenyewe mara kumi, anacheka."

"Muhsin?"

"Muhsin hajakanyaga hapa tangu mwezi wa tatu. Siku aliyoambiwa gari linauzwa alilia, hapo hapo ulipokaa. Afande, gari lile si la dukani. Chasisi ilitoka shamba la mkonge lililofungwa, injini ilikuwa imetupwa, bodi lilinunuliwa kama vyuma chakavu. Muhsin alikaa miaka miwili kuliunganisha. Vifaa alinunua mzee, lakini mikono ni ya yule kijana. Aliahidiwa atakuwa dereva wake, apakie watu wa Mazingara."

"Fundi, habari za kitufe usimwambie mtu yeyote mpaka Jumamosi. Hata mkeo."

"Mke wangu habari za waya alishazikimbia zamani," alisema Mwinjuma.

*

Alhamisi Hilaria alipiga simu Korogwe. Askari wa huko walimtembelea Athuman, akasema alisubiri gari siku nzima halikuja. Walimtembelea pia Faudhia, na jibu lake Hilaria alilipigia mstari mara mbili.

Hata hivyo hakuwa na kitu cha kumwekea mkuu wa kituo mezani. Kidole kilichoungua ni kidole tu. Kila jiko la mchina Tanzania nzima lingeweza kukitolea ushahidi. Alichohitaji ni mkono wa Muhsin kwenye kile kitufe, na kwa hilo alihitaji mvua.

Ijumaa saa tatu asubuhi mbingu zilikuwa nyeupe. Hilaria alimwita Muhsin kituoni. Alimwambia gari linapelekwa Korogwe kwa mkaguzi wa magari, na hakuna anayelijua kama yeye, kwa hiyo aende nalo. Muhsin alikubali kabla sentensi haijaisha. Akapitisha kiganja juu ya boneti, akafungua, akaangalia mafuta, akafunga polepole.

Nyuma waliketi Petro na Sankale mwenye pingu. Hilaria alishika usukani. Kwa kuwa hendeli haikuwepo, askari wanne walisukuma. Naeku alilifuata gari mpaka njia panda, akiita jina la mumewe, kisha akaachwa na vumbi. Sankale aliinamisha kichwa kwenye magoti.

"Gia ya pili inataka kubembelezwa," alisema Muhsin. "Rudisha kidogo, ndipo usukume. Eeh, hivyo."

Walipita Sindeni saa nne na dakika tano, pakavu. Hilaria aliona wingu moja likielea mbali, kusini, likaondoka. Kila kilomita iliyopita ilikuwa imetoka kwenye maisha ya mtu aliyekaa nyuma yake, naye alijua hivyo na aliogopa. Alipunguza mwendo. Petro aliuliza kama kuna tatizo, akaambiwa hakuna.

Saa nne na dakika arobaini, Korogwe ikiwa karibu, mvua ilishuka yote kwa mkupuo. Kioo kiligeuka maziwa. Hilaria aliendelea kuendesha.

"Afande, simama kidogo," alisema Muhsin.

"Naona njia."

"Huoni. Hapa kuna kona."

"Nimeshaipita."

Gari lilikuwa linatembea mwendo wa baiskeli, lakini kwa aliyekaa ndani ilionekana kasi. Mbele, ndani ya weupe ule, kulitokea vivuli vyekundu vikubwa, vikisogea polepole kuvuka barabara.

"Ng'ombe!" Sankale alipiga kelele nyuma.

"Utalivunja!" alisema Muhsin. "Afande, utalivunja gari!"

Mkono wake wa kushoto ulishika pindo la shati, ukalizungushia kidole, ukaingia chini ya ncha ya dashibodi, nyuma ya kisanduku. Haukupapasa. Waipa zilipanda, kioo kikafunguka, ng'ombe kumi na watano wakaonekana wazi mpaka pembe. Hilaria, ambaye mguu wake ulikuwa juu ya breki tangu mwanzo, alisimama hatua nane nyuma yao, akazima injini.

Waipa ziliendelea kucheza. Wote walizitazama. Muhsin naye alizitazama, zikipanda na kushuka, zikapanda, na ziliposhuka chini kabisa aliachia. Zikalala sawasawa.

Hapo ndipo alipoutazama mkono wake.

"Mimi nilikitafuta dakika kumi," alisema Hilaria. "Wewe umekipataje?"

"Mwinjuma aliniambia."

"Lini?"

"Juzi. Msibani."

"Juzi nilipoachana na wewe nilikwenda moja kwa moja kwa Mwinjuma, nikamwambia asimwambie mtu. Jumatano ulisaini kwamba hujaona waipa hizi wala hujui zilivyofungwa. Lakini unajua kitufe kilipo. Unajua kwamba kinaunguza, umeshika na shati. Unajua kwamba lazima ziviziwe, na mimi ilinichukua mara sita. Mambo hayo matatu Mwinjuma alimwambia mtu mmoja tu, na huyo mtu aliishi saa mbili baada ya kuambiwa. Ni nani aliyekwambia, Muhsin?"

Mvua ilipiga bati la juu.

"Dada yako anasema ulifika kwake Jumanne vyombo vya mchana vimeshaoshwa. Basi la alfajiri halichelewi hivyo. Na anasema ulipoingia mlangoni ulimwomba dawa ya meno upake kidole. Kilikuwa kimeshaungua kabla hujaliona jiko lake."

Muhsin alianza kufungua kitambaa cha gumba. Chini yake palikuwa na lengelenge la mviringo, saizi ya kile kitufe.

"Alinikuta njia panda ya Chanika," alisema mwishowe. "Nilikuwa nasubiri basi lolote, nitoke tu, nisilione likiondoka. Akasimama. Akaniambia, 'Panda mwanangu unibonyezee, tumpelekee mtu gari lake.' Gari lake! Nikapanda. Mvua ikaanza, nikabonyeza. Kidole kinaungua, sikusema. Yeye anazisifu waipa. Akasema pikapu ya Kijapani waipa zake hazihitaji mtu. Akasema na dereva ameshampata, mwenye leseni ya daraja la juu."

"Mkasimama Sindeni."

"Mvua ilikatika. Akashuka aangalie tairi. Nikazilaza waipa, nikachukua hendeli, nikashuka." "Alikuwa ameinama. Hata hakunigeukia."

"Ulizilaza kwanza," alisema Hilaria.

"Nisingeweza kuliacha gari waipa zimesimama vile."

"Hendeli iko wapi?"

"Kwenye kalvati la pili ukitoka Sindeni. Nilidandia lori la machungwa."

Sankale alikuwa amenyanyua kichwa. Sauti yake ilitoka chini, bila ukali. "Siku tatu ulijua nimefungwa."

"Nilijua."

"Mke wangu anakaa chini pale getini. Ulimwona?"

"Nilimwona," alisema Muhsin, akaanza kulia, na hakuna aliyeweza kusema analia kwa ajili ya nani.

Hilaria alitoa ufunguo wa pingu, akampa Petro nyuma. Petro alilishughulikia jambo hilo akitazama sakafu. Pingu zilipotoka kwa Sankale na kuingia kwa Muhsin, Hilaria alisema wanarudi Handeni, na kwamba Koplo, aliyeipokea kesi hii kwa haraka, atasukuma.

Petro alisukuma peke yake, kwenye tope na mvua, mpaka injini ikashika. Alipopanda nyuma kumlinda Muhsin, kiti cha kushoto mbele kilikuwa kitupu.

"Njoo mbele," Hilaria alimwambia Sankale.

"Mimi? Gari hili?"

"Koplo analinda mahabusu. Mimi naendesha. Umebaki wewe."

Sankale alikaa. Alizungushia pindo la shuka kwenye kidole kama alivyomwona Muhsin akifanya, akabonyeza. Waipa zikapanda. Kwenye kalvati la pili walisimama, Petro akashuka majini, akarudi na hendeli. Sankale alikuwa ameachia mapema, waipa zikasimama katikati ya kioo.

"Sivyo," ilisema sauti ya Muhsin kutoka nyuma. "Zitavuta betri na zitapinda. Subiri zishuke."

Waliendelea na safari, na mvua iliendelea nao mpaka Handeni. Ilianza kupungua walipofika kituoni, saa saba na nusu. Hilaria alisimamisha gari mbele ya geti.

"Bado," alisema Muhsin, pingu zikigonga bati. "Bado. Sasa."

Sankale aliachia. Waipa zililala. Naeku, aliyekuwa amesimama getini amelowa, alitazama kwenye nafasi safi ya kioo upande wa kushoto, akamwona mumewe amekaa mbele, mikono yake haina kitu.